Jino Lililochongwa Halioti Tena



Katika ukurasa huu wa Afya ya Jamaa tumezoea kuzungumza juu ya maji safi, chakula cha watoto na usafi wa nyumba. Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wazazi na vijana wa Masisi na Walikale hutuuliza mara kwa mara, nalo ni taji la jino. Mtu ana gego lililotoboka hata limebaki na ukuta mmoja tu, au jino lake la mbele limevunjika kwa kuanguka. Husikia ya kuwa mjini wako waganga wa meno wawezao kulifunika jino kama hilo kwa kifuniko cheupe na kigumu, wala mtu hawezi kulitambua kati ya meno mengine. Basi huuliza: Bei yake ni kiasi gani? Litadumu miaka mingapi? Hayo ni maswali mema. Lakini liko swali moja kubwa kuliko hayo, na wachache huliuliza: Je, chini ya taji hilo kitakatwa nini?

Kwa maana taji halivikwi juu ya jino kama kofia ivikwavyo kichwani. Kwanza jino huchongwa pande zote, likapunguzwa, ndipo taji linapokuja kukaa mahali pa kile kilichoondolewa. Tena kilichoondolewa hakirudi kamwe. Ndiyo maana yafaa kila Mkristu mwenye akili ajue kazi hii hufanywaje, kabla hajafungua kinywa chake mbele ya mganga.

JINO NI KITU GANI

Sehemu ya jino tunayoiona juu ya ufizi imevikwa enameli, kitu kigumu kupita kila kitu kingine katika mwili wa mwanadamu. Chini yake iko dentini, yenye rangi ya manjano kidogo, nayo ina vijitundu vingi vidogo mno viendavyo mpaka ndani. Katikati kabisa kipo kiini cha jino, chenye damu na mishipa ya fahamu. Hapo ndipo panapolia usiku kucha jino linapouma.

Mkono ukivunjika, mfupa huunga. Ngozi ikichanika, hupona na kuacha kovu. Lakini enameli haina uhai ndani yake. Zile chembe zilizoijenga zilikwisha toweka wakati jino lilipokuwa likiota. Kiini chaweza kujenga dentini kidogo kwa upande wa ndani ili kujikinga, lakini upande wa nje hakuna kinachoota tena. Muumba alitupa meno ya utotoni 20, kisha ya ukubwani 32. Seti ya tatu haipo.

KIKOMBE CHA ENAMELI

Kuna mataji ya metali tupu, na mataji ya kauri tupu. Lakini taji lililoenea sana ulimwenguni kwa miaka mingi ni lile la namna mbili pamoja: metali ndani, kauri nje. Msomaji akitaka kulielewa, na akitazame kile kikombe cheupe chenye mstari wa buluu mdomoni, ambacho jamaa nyingi walikuwa nacho tangu zamani. Ndani yake ni chuma. Juu ya chuma hicho umeyeyushwa unga wa namna ya kioo katika tanuru, ukashikamana nacho. Chuma chatoa nguvu, kioo chatoa weupe na usafi. Tena twajua sote kikombe hicho kikianguka juu ya jiwe hupata nini: kipande cha weupe hubanduka, na chuma cheusi huonekana.

Taji la metali na kauri lina ufundi huohuo, na udhaifu huohuo. Mwaka 1962 huko Marekani, Weinstein na wenzake walipewa hati za uvumbuzi kwa kupata namna ya kauri na namna ya dhahabu iliyochanganywa ambazo hupanuka na kusinyaa karibu sawasawa. Jambo hilo ni la lazima, kwani kauri huchomwa katika tanuru penye moto wa sentigredi 900 hivi au zaidi. Ikiwa metali yasinyaa upesi kupita kauri wakati wa kupoa, au kinyume chake, kauri hupasuka.

Metali zitumikazo ni za namna nyingi. Za thamani ni dhahabu na paladi. Za bei nafuu ni nikeli au kobalti zilizochanganywa na kromi. Kobalti yajulikana sana katika nchi yetu, maana huchimbwa kwa wingi kule Kolwezi. Hata bati, ambayo mlima wa Bisie katika Walikale umejulikana kwayo, ina nafasi yake: katika dhahabu ya mataji huongezwa bati kidogo sana, nayo hufanya utando mwembamba juu ya metali, ambao kauri hushikamana nao. Basi ndugu zetu wachimbaji wasidhani ya kuwa ufundi huu ni wa nchi za mbali tu. Mawe ya namna ile wanayoyabeba mgongoni yana kazi hata katika kinywa cha mwanadamu.

KAZI YA KUCHONGA

Sasa tuone kwa nini ni lazima kukata. Ganda la metali lina unene wa milimeta 0.3 mpaka 0.5, yaani kama ukucha wa kidole. Juu yake hupakwa tabaka la kauri nzito la kuficha rangi ya metali. Juu ya hilo huja kauri yenye rangi ya jino, karibu milimeta 1. Vitu hivi vyote vyataka nafasi. Kwa hiyo upande wa mbele, unaoonekana mtu akicheka, mganga hukata milimeta 1.2 mpaka 1.5, kama kucha tatu zilizopangwa pamoja. Akikata pungufu, fundi wa maabara hana la kufanya ila moja kati ya mabaya mawili: ama kulifanya jino kuwa nene kama limevimba, ama kupunguza kauri mpaka weusi wa metali uonekane. Akikata kupita kiasi, akikaribia kiini.

Upande wa nyuma, ikiwa ni metali tupu isiyo na kauri, milimeta 0.5 mpaka 1 hutosha. Hapo twaona hekima ya kazi hii. Mganga mwenye busara hapendi kuweka kauri kila mahali kwa ajili ya uzuri tu, bali huiweka mahali inapoonekana, na mahali pengine huacha metali, ili jino libaki na mwili wake. Juu ya gego, mahali pa kutafunia, hukatwa milimeta 1.5 mpaka 2 ikiwa patafunikwa kwa kauri, na milimeta 1 mpaka 1.5 ikiwa ni metali.

Mganga hajui kipimo hicho kwa kubahatisha. Kwanza huchimba mifereji midogo yenye kina alichokusudia, kama vile mjenzi anavyopigilia vigingi na kufunga kamba kabla ya kulima msingi. Kisha huondoa kile kilichobaki kati ya mifereji. Uso wa jino la mbele si bapa, bali umepinda; kwa hiyo huuchonga kwa mielekeo miwili, mmoja wa sehemu ya juu na mmoja wa sehemu ya chini. Akiuchonga kwa mstari mmoja ulionyoka, upande mmoja atakigusa kiini, na upande mwingine taji litatokeza nje.

Halafu kuta za jino. Msomaji na achukue vikombe viwili vinavyoingiana. Kama kuta zao zingesimama wima kabisa, kimoja kisingeingia katika kingine. Kama zingelala sana, kama paa la msonge, kingeingia kwa urahisi lakini kingetoka vilevile kwa urahisi. Ndivyo ilivyo kwa jino. Vitabu vya waganga hutaja kwamba kila ukuta uinamie ndani kwa digrii 3 hivi, yaani digrii 6 kwa kuta mbili zikabilianazo. Katika kinywa, penye ulimi na mate, ni vigumu kufikia hapo, basi wengi hukubali digrii 10 mpaka 20. Zaidi ya hapo taji hushikwa na saruji tupu, na siku moja litatoka katika tonge la ugali. Tena kimo cha jino lililochongwa kisipungue milimeta 3 kwa meno ya mbele, na 4 kwa magego, kwani kigingi kifupi hakishiki.

Mwisho wa mchongo, karibu na ufizi, ndiyo sehemu ngumu kupita zote. Hapo taji na jino hukutana. Penye kauri hufanywa kikalio kipana kama bega. Penye metali tupu hutosha mkunjo mdogo wa mviringo. Ukingo huo uwe laini, uendelee kuzunguka jino bila kukatika, na kila inapowezekana ukae juu ya ufizi, mahali ambapo mswaki waweza kufika. Mganga akiuficha chini ya ufizi kwa ajili ya uzuri, asishuke zaidi ya milimeta 0.5. Kati ya ukingo wa mfupa na mahali ambapo ufizi umeshikamana na jino Mungu ameweka nafasi ya milimeta 2 hivi. Anayeivamia nafasi hiyo atauona ufizi mwekundu, umevimba na kutoka damu miaka yote. Pembe zote zizungushwe, wala zisiachwe kali, kwa maana kauri huanza kupasuka penye pembe kali.

Kazi hii yote ifanyike penye maji yanayomiminika juu ya keekee. Keekee huzunguka kwa kasi kubwa mno, nayo huleta moto. Bila maji kiini chaweza kufa kimyakimya, na mgonjwa asijue mpaka miezi au miaka ipite. Baada ya hayo umbo la jino huchukuliwa kwa unga laini unaoganda, taji la muda huwekwa, na fundi huunda ganda kwa nta, huligeuza metali katika kalibu, kisha huchoma kauri juu yake tabaka kwa tabaka. Ndipo taji hujaribiwa na kubandikwa kwa saruji.

GHARAMA ISIYOANDIKWA KATIKA RISITI

Mwaka 2002 wataalamu wawili, Edelhoff na Sorensen, waliandika matokeo ya kupima meno kwa mizani, kabla ya kuchongwa na baada yake. Waliona ya kuwa kwa taji zima huondolewa sehemu 63 mpaka 72 katika kila 100 za ile sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi. Tufikiri vema: jino lililobaki ni kama theluthi moja tu! Tena meno mengine yaliyokuwa hai siku ya kuchongwa hufa baadaye, hata mikononi mwa waganga hodari.

Je, basi taji ni kitu kibaya? La, hasha. Gego lililotibiwa mizizi, lenye kuta nyembamba zilizo karibu kupasuka, laweza kuokolewa kwa taji likatafuna miaka mingi. Jino lililovunjika vibaya, ambalo kuzibwa hakutoshi, lapata msaada wa kweli. Sharti moja ni kubwa: ibaki pete ya jino zima, yenye kimo cha milimeta 1.5 mpaka 2 juu ya ufizi kuzunguka pande zote, ambayo taji litaikumbatia. Pasipo pete hiyo taji hujengwa juu ya mchanga, na Injili imekwisha tuambia habari ya nyumba ya namna hiyo.

Lakini kuchonga jino zima na zuri kwa sababu ya kupenda kung'ara, hilo hatuwezi kulisifu. Wala haifai kuvika taji jino la mvulana au msichana wa shule kabla ya kutafuta njia nyingine, maana kiini cha jino la kijana bado ni kikubwa na kipo karibu na uso wa jino. Wala taji lisiwekwe katika kinywa chenye fizi zinazotoka damu na meno mengine yanayooza. Kwanza usafi, kisha ujenzi.

HABARI YA OTA BENGA

Tunapenda kuwakumbusha vijana habari moja ya kweli. Zamani, katika sehemu nyingi za misitu ya Kongo, watu walichonga meno yao ya mbele yakawa na ncha, nao waliyaona kuwa pambo. Kijana mmoja Mkongo, Ota Benga, mwenye meno ya namna hiyo, alichukuliwa na Samuel Phillips Verner mpaka Marekani, akaonyeshwa mbele ya watu katika maonyesho makubwa ya St. Louis mwaka 1904. Mwezi Septemba 1906 aliwekwa, kwa aibu ya wale waliofanya hivyo, katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York. Wachungaji weusi wa mji ule walipinga kwa nguvu, hata akatolewa. Mwaka 1910 alipelekwa Lynchburg, katika Virginia, na huko meno yake yakafunikwa kwa vifuniko ili asishangazwe tena na watu. Wakati ule taji la metali na kauri la siku zetu lilikuwa halijavumbuliwa. Alivikwa nguo za wenyeji, alifundishwa kusoma, alifanya kazi. Lakini njia ya kurudi kwao haikufunguka. Yasimuliwa ya kuwa kabla ya kufa alivibandua vile vifuniko. Alijiua tarehe 20 Machi 1916. Sisi twamwombea rehema kwa Mungu, aijuaye huzuni ya kila moyo.

Kwa nini twaisimulia habari hii hapa? Kwa sababu wako vijana wanaowacheka wazee wenye meno yaliyochongwa, au wanaomcheka mwenzao mwenye pengo darasani. Mtu aliyechekwa hutafuta kifuniko, hata kama jino lake halimwumi, naye atatoa pesa za mbegu na za karo ili afunikwe. Jino la mzee lisilouma, lililotafuna miaka 60, halina haja ya taji. Lililo na haja ya kutibiwa ni ulimi wa yule anayecheka.

KWETU MASISI NA WALIKALE

Kazi tuliyoieleza yahitaji umeme, maji safi, picha ya mionzi, fundi wa maabara na kurudi kwa mganga mara kadhaa. Anayejua barabara ya kutoka Masisi kwenda Sake na Goma wakati wa mvua, au njia za msituni za Walikale, ajua pia ya kuwa kurudi mara tatu au nne si jambo dogo. Na vita imewafunga wengi wasisafiri hata kidogo. Kwa hiyo kwa jamaa nyingi taji lililo bora ni lile wasilolihitaji.

Hapa akina mama na akina baba wana kazi kubwa. Mtoto afikapo miaka 6 hivi, nyuma ya meno yake ya utotoni huota gego la kwanza la ukubwani. Kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kabla yake, wazazi wengi hudhani ni la utotoni nalo litang'oka, wakaliacha lioze. Kumbe ndilo gego la maisha yake yote! Litazameni, lisugueni jioni na asubuhi kwa dawa ya meno yenye floridi. Sukari isiwe ya kila saa, kwani huyalisha yale mavijidudu yanayotoa asidi. Maziwa na jibini ya Masisi ni chakula cha meno kuliko biskuti za dukani. Gego likianza kutoboka, lizibwe likiwa na tundu dogo. Mwenye kungoja mpaka usiku wa maumivu hupoteza njia nyingi za kuliokoa.

Na yule atakayefika kwa mganga akiambiwa ya kuwa jino lake lataka taji, asione haya kuuliza kwa adabu maswali haya:

1. Je, jino hili haliwezi kuzibwa tu, au kufunikwa sehemu yake tu?

2. Je, mizizi imetazamwa kwa picha ya mionzi?

3. Taji litakuwa la metali gani? (Aliyewahi kuwashwa ngozi kwa hereni au saa ya bei rahisi amwambie mganga, maana nikeli huwadhuru wengine.)

4. Kauri itawekwa wapi, na metali tupu wapi, ili jino likatwe kidogo iwezekanavyo?

5. Siku za kungoja, jino litafunikwa kwa nini? Na nani atalitazama baada ya mwaka?

Mganga mwema hatachukizwa na maswali hayo. Anayekasirika, na mwenye kuchonga jino kando ya njia bila maji wala picha, akimbiwe.

Ninyi wanafunzi, ambao mmoja wenu huenda akawa mganga wa meno, shikeni neno hili. Mchongo ulio mwema hufunikwa siku ileile, wala jicho la mtu halitauona tena. Mgonjwa husifu weupe wa kauri. Hajui kama chini yake ukingo ni laini au umekwaruzwa, kama jino limehifadhiwa au limeteketezwa. Mungu ajua, na baada ya miaka kumi ufizi utashuhudia. Ndivyo ilivyo kazi ya mwashi katika msingi, ya mama jikoni, na ya mwalimu katika darasa la kwanza.

Tarehe 9 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Apolonia, bikira wa Alexandria, katika Afrika yetu, ambaye karibu na mwaka 249 watesi walimvunja meno kwa ajili ya imani. Tangu zamani wenye kuumwa na meno hukimbilia maombezi yake. Nasi tumwombe awaangalie wagonjwa wa Masisi na Walikale walio mbali na kila mganga. Na leo jioni, kabla ya sala ya pamoja, kila mzazi amwite mtoto wake karibu na taa, amfunue kinywa, akamtazame lile gego la nyuma.